Sukuma wiki, mlonge, matembele, chai au mstafeli? Majani ya mazao yakilinganishwa mbele ya saratani

Swali huja kwa sura ileile kila mara: kati ya majani haya, lipi linazuia saratani zaidi? Anayeuliza huwa ameshaona orodha mahali fulani, yenye namba na asilimia, jani moja likiwa kileleni na jingine chini. Nimekaa na swali hili muda mrefu, na jibu langu linaanzia mbali kidogo na majani yenyewe, kwa sababu karibu orodha zote hizo zinapima kitu ambacho si saratani. Ukishajua kilichopimwa, mpangilio unabadilika, na baadhi ya majani yaliyokuwa juu yanashuka hadi mwisho.

Ninayoyalinganisha hapa ni familia ya kabichi na sukuma wiki, mlonge, mpapai, majani ya muhogo, majani ya viazi vitamu (matembele), mchicha, chai na mstafeli. Yote yamefanyiwa kazi maabara, na kila moja lina ripoti ya kisayansi inayosema "lina uwezo dhidi ya saratani". Kwa uzito wa ushahidi, hata hivyo, yameachana mbali sana.

Namba ya antioksidanti haitoshi kuchagua

Mwili unapotumia oksijeni kutengeneza nishati, hasa ndani ya mitokondria, vinu vya nishati vya seli, huzalisha radikali huru. Hizi ni molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzake, na huinyakua elektroni ya pili kutoka kwa mafuta, protini au DNA iliyo karibu. DNA ikiharibika na isirekebishwe, njia ya saratani inaweza kufunguka. Antioksidanti ni kitu kinachojitolea elektroni yake kabla DNA haijanyang'anywa. Hadi hapo hoja inakwenda sawa, na ndiyo iliyouza vidonge vingi duniani.

Kipimo cha maabara kinachotumika mno kinaitwa DPPH, kemikali ya zambarau iliyokoza. Ukiichanganya na dondoo la majani, yaani kile kinachobaki majani yakilowekwa kwenye maji au alkoholi kisha yakachujwa na kukaushwa, rangi hufifia kuelekea manjano. Rangi ikififia kwa dondoo kidogo, jani linapewa sifa kubwa. Ni kipimo rahisi na cha haraka, ndiyo maana ripoti zake ni nyingi. Lakini ndani ya chupa ile hamna tumbo, hamna ini wala damu. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na jedwali kubwa la kipimo cha jamii hiyo, kiitwacho ORAC, na mwaka 2012 ililiondoa: namba zake zilikuwa zikitumiwa vibaya kutangazia bidhaa, wala hazikuonyesha kinachotokea ndani ya mtu.

Mfano ulionifumbua macho ni tumbaku. Jani lake lina rutini na asidi ya klorojeniki, polifenoli (kemikali za mimea zenye kazi ya antioksidanti) zilezile zinazosifiwa kwenye majani mengine. Ukiliweka dondoo lake kwenye DPPH, zambarau itafifia. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayekwambia kwamba tumbaku inakinga saratani.

Kuna pia ushahidi mzito zaidi kutoka kwa watu wenyewe. Mwaka 1994 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa la Finland lililowafuata wanaume wavutaji sigara 29,133. Waliopewa vidonge vya beta-karotini, miligramu 20 kwa siku, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wale ambao hawakupewa. Jaribio jingine la Marekani, CARET, lililokuwa na watu zaidi ya 18,000, lilisimamishwa mapema Januari 1996 baada ya kuona ongezeko la asilimia 28 kwa waliomeza beta-karotini pamoja na vitamini A. Baadaye jaribio la SELECT, lililohusisha wanaume zaidi ya 35,000, lilionyesha vidonge vya vitamini E vikiongeza saratani ya tezi dume kwa asilimia 17. Mwaka 2014 watafiti wa Sweden walitoa sehemu ya maelezo: panya waliokuwa na uvimbe mdogo kwenye mapafu, wakipewa vitamini E au antioksidanti nyingine iitwayo N-asetilisisteini, uvimbe wao ulikua haraka zaidi. Seli ya saratani nayo huteswa na radikali huru. Ukiipelekea msaada, inaupokea kama seli yoyote.

Beta-karotini ipo tele kwenye mchicha na sukuma wiki, na hakuna anayedai mboga hizo zinaleta saratani. Kidonge kilichobeba dutu moja kwa dozi kubwa hakifanyi kazi ya jani zima, wala jani zima halifanyi kazi ya kidonge. Kwa hiyo ninapolinganisha huuliza mambo matatu kwa mpangilio huu: dutu inayosifiwa inafika mwilini au inaishia tumboni? Kuna chochote kilichoonekana kwa binadamu? Na jani likitumiwa vibaya, linaweza kudhuru kiasi gani?

Ndugu watatu: sukuma wiki, mlonge na mpapai

Ukiyatazama shambani huwezi kudhani yana undugu. Lakini kabichi, sukuma wiki, mlonge na mpapai wote wako kwenye oda moja ya mimea, Brassicales, na wanarithi silaha moja: glukosinolati. Mmea huweka glukosinolati sehemu moja na kimeng'enya kiitwacho mirosinasi sehemu nyingine. Mdudu akiuma au kisu kikikata, viwili hivyo hukutana na kuzaa isothiosianati, ule ukali unaopanda puani unapotafuna haradali au jani bichi la mlonge.

Mwaka 1992 kundi la Paul Talalay katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins lilitenga isothiosianati moja kutoka kwenye brokoli, sulforafani, na kuonyesha inaamsha vimeng'enya vya mwili vinavyosafisha sumu. Sulforafani haijitolei elektroni kama antioksidanti za kwenye orodha. Kazi yake ni kuigusa protini iitwayo Keap1, ambayo kwa kawaida huishikilia nyingine iitwayo Nrf2. Nrf2 ikiachiliwa huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za ulinzi. Antioksidanti ya kawaida inatumika mara moja na kwisha. Vimeng'enya vilivyoamshwa vinaendelea kufanya kazi kwa saa nyingi, hata siku. Ndiyo sababu familia hii naiweka mbele, ingawa kwenye kipimo cha zambarau haiongozi.

Ushahidi kwa watu upo, japo ni wa hatua za kati. Huko Qidong, China, eneo lenye hewa chafu, watu 291 walishiriki jaribio la wiki 12 lililochapishwa mwaka 2014. Waliokunywa kinywaji cha machipukizi ya brokoli walitoa benzini kwenye mkojo, ikiwa imeshafungwa na mwili tayari kutupwa, kwa asilimia 61 zaidi. Benzini husababisha saratani ya damu. Hakuna aliyethibitisha pale kwamba saratani ilipungua, maana wiki 12 hazitoshi kuona hilo, lakini ni jambo lililopimwa ndani ya binadamu, na majani mengi hayajafika hapo.

Sasa tahadhari ambayo matangazo huiruka. Sulforafani inatokana na glukorafanini, ambayo brokoli inayo kwa wingi. Kabichi na sukuma wiki zina zaidi sinigrini na glukobrasisini. Zao la sinigrini ni isothiosianati nyingine, na zao la glukobrasisini ni indoli ambayo asidi ya tumbo huigeuza tena. Zote mbili zimeonyesha mambo mazuri maabara. Hata hivyo huwezi kuchukua kila kilichosemwa kuhusu sulforafani na kukibandika kwenye sukuma wiki.

Mlonge una glukosinolati yake, glukomoringini, na zao lake huitwa moringini. Moringini ina kipande cha sukari, na kwa hiyo hubaki imara ikiwa yabisi, wakati sulforafani huharibika haraka. Kwa mkemia huo ni uzuri mkubwa. Ongeza polifenoli zake, kwersetini, kemferoli na asidi ya klorojeniki, na utaelewa kwa nini mlonge unapata alama za juu karibu kila mahali. Lakini tafiti zake kuhusu saratani ni za seli na wanyama. Kwa lishe, unga wa majani ya mlonge nausifu bila kusita: una protini, kalsiamu, chuma na beta-karotini. Kwa saratani naupa nafasi ya pili nyuma ya familia ya kabichi, nikitaja wazi kwamba sifa hizi ni za jani tu. Magome na mizizi ya mlonge vina alkaloidi, kemikali za mimea zenye nguvu ya dawa au sumu, zisizofaa kuchezewa, hasa na mjamzito.

Mpapai una isothiosianati ya benzili na alkaloidi iitwayo kapaini. Ripoti ya mwaka 2010 ilionyesha dondoo la majani yake likizuia ukuaji wa seli za saratani za aina kadhaa maabara, na tangu hapo chai ya majani ya mpapai imepata jina. Majaribio mengi kwa wagonjwa yamehusu dengue, homa inayoenezwa na mbu, yakiangalia kupanda kwa chembe sahani za damu. Hayo ni mambo mengine kabisa. Chembe sahani kupanda kwa mgonjwa wa dengue hakusemi lolote kuhusu uvimbe kupungua, na nimeona mara nyingi mno viwili hivyo vikiunganishwa.

Jikoni, ndugu hawa wanataka jambo moja. Moto unaua mirosinasi. Ukitia majani mazima kwenye maji yanayochemka, glukosinolati nyingine huyeyuka na kumwagwa na maji, na zilizobaki hazina kimeng'enya cha kuzigeuza, ila bakteria wa utumbo huokoa sehemu. Njia nzuri ni kukatakata majani membamba, kuyaacha nusu saa au zaidi, ndipo yaguse moto, tena moto mfupi. Unga wa mbegu za haradali ukinyunyizwa mwishoni hurudisha mirosinasi iliyopotea, kwa kuwa mbegu hizo zinayo yake.

Muhogo: utaratibu uleule, lengo kinyume

Majani ya muhogo yana protini nyingi kuliko mboga nyingi za majani, na flavonoidi zake (kundi mojawapo la polifenoli), zikiwemo rutini na kwersetini, zinaingia vizuri kwenye orodha za antioksidanti. Lakini jani hili nalo lina silaha ya vipande viwili, inayofanana ajabu na ile ya kabichi: dutu iitwayo linamarini upande mmoja, kimeng'enya linamarasi upande mwingine. Vikikutana huzaa sianidi.

Hapa ndipo ulinganisho unapotoa somo la jikoni ambalo orodha ya namba haiwezi kukupa. Kwa sukuma wiki unakata na kusubiri ili zao litengenezwe nawe ulile. Kwa muhogo unatwanga ili zao litengenezwe na litoroke. Sianidi ya haidrojeni huchemka kwenye nyuzi takriban 26 tu, kwa hiyo majani yakitwangwa laini na kisha kuchemshwa muda mrefu bila kufunikwa, sehemu kubwa huondoka na mvuke. Ukichemsha majani mazima moja kwa moja, unaua linamarasi kabla haijafanya kazi, na linamarini inabaki ndani ikisubiri tumbo lako. Juisi ya majani mabichi ya muhogo, ambayo baadhi ya watu huipendekeza kama dawa, siioni kuwa na nafasi yoyote.

Wapo wanaosema sianidi yenyewe ndiyo inayoua saratani. Dai hilo lilijaribiwa kwa jina jingine. Letrili, iliyotengenezwa kwa dutu inayotoa sianidi kutoka kwenye kokwa za aprikoti, ilipewa wagonjwa 178 wa saratani nchini Marekani, na matokeo yakatoka mwaka 1982: hakuna aliyepona kwa sababu yake, saratani ziliendelea, na baadhi ya wagonjwa walionyesha dalili za sumu ya sianidi. Watafiti wa leo wanaofikiria linamarini hujaribu kuingiza jeni ya linamarasi ndani ya seli za uvimbe ili sianidi izaliwe pale tu. Hiyo ni tiba ya jeni, na haina uhusiano na sufuria.

Kwa hiyo muhogo ninauchagua kwa protini, ukiwa umetwangwa na kuiva sawasawa. Kwa saratani, hapana.

Matembele au mchicha?

Majani ya viazi vitamu ndiyo yaliyonishangaza kuliko yote. Watafiti wa Japani walipima aina 1,389 za zao hili na kutoa ripoti mwaka 2002. Polifenoli zilianzia gramu 1.42 hadi gramu 17.1 kwa kila gramu 100 za majani makavu. Soma tena: ndani ya zao moja, aina moja inaizidi nyingine mara 12. Anayekwambia "matembele yana polifenoli kuliko mchicha" hajakuambia ni matembele yapi. Nyingi ya polifenoli hizo ni asidi za kafeoilikwiniki, jamaa wa asidi ya klorojeniki, na aina zenye majani au mashina ya zambarau huongeza anthosianini, ndizo zinazoyapa rangi hiyo.

Mwaka 2011 watafiti wa Georgia, Marekani, waliwapa panya wenye uvimbe wa saratani ya tezi dume ya binadamu dondoo la majani haya, miligramu 400 kwa kila kilo ya uzito, na uvimbe ulikua pungufu kwa takriban asilimia 69 ukilinganishwa na wale ambao hawakupewa. Dozi ya panya haihamishwi kwa mtu moja kwa moja. Kwa kanuni ya kawaida ya kugawa kwa 12.3, mtu wa kilo 60 angehitaji karibu gramu 2 za dondoo kila siku. Dondoo, si majani. Hata hivyo, kati ya majani yanayoliwa bila hofu yoyote, hili lina hoja nzuri, na halina sianidi ya kuhangaikia.

Mchicha unakuja na beta-karotini, luteini na vitamini C, na aina nyekundu hupata rangi yake kwa betalaini badala ya anthosianini. Udhaifu wake ni oksalati, ambayo hushika kalsiamu na humsumbua mwenye historia ya mawe ya figo. Kuchemsha na kumwaga maji hupunguza oksalati, lakini vitamini C inamwagwa nayo. Karotini za mboga zote mbili hazifyonzwi vizuri bila mafuta. Kijiko cha mafuta kwenye sufuria kinafanya kazi kubwa kuliko kula mara mbili ya majani.

Kama figo zako ni salama, kula yote mawili. Nikilazimishwa kuchagua moja, nachukua matembele ya zambarau.

Kuhusu kwersetini, ambayo utaikuta imetajwa katika karibu kila jani hapa: maabara huimiminia seli za saratani kwa kiwango cha mikromoli 10 hadi 100 kwa lita. Baada ya mlo wa kawaida, damu huwa na chini ya mikromoli 1 au karibu na hapo, tena ikiwa imeshabadilishwa na ini na utumbo kuwa umbo jingine. Ukisoma "kwersetini iliua seli za saratani ya matiti", tafuta kwanza kiwango.

Chai: kikombe na kidonge ni vitu viwili

Chai ni zao la majani lililochunguzwa kwa watu kuliko yote niliyoyataja. Jani bichi lina katechini, aina ya polifenoli, kubwa kati yake ikiwa EGCG. Chai ya kijani hupashwa moto mapema ili vimeng'enya visifanye kazi, kwa hiyo katechini hubaki. Chai nyeusi huachwa ioksidishwe, na katechini zake huungana kuwa theaflavini na thearubigini, ndizo zinazoipa rangi.

Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yalikusanya tafiti 142 zenye washiriki zaidi ya milioni 1.1 kuhusu chai ya kijani na kuzuia saratani. Jibu lilikuwa kwamba matokeo hayakubaliani. Baada ya watu milioni moja, kama faida ingekuwa kubwa ingekuwa imejionyesha. Kwa upande mwingine dondoo la chai lina heshima ambayo mlonge na mstafeli hazina: mwaka 2006 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha mafuta ya kupaka yaliyotengenezwa kwa katechini za chai ya kijani. Ni dawa ya vioteo vya sehemu za siri vinavyoletwa na virusi vya papiloma. Si dawa ya saratani, lakini inaonyesha jani likipita njia kamili, na linapakwa pale pale penye tatizo badala ya kutegemea safari ya tumbo na ini.

Kidonge ndicho kinachonitia wasiwasi. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilieleza kuwa virutubisho vyenye miligramu 800 za EGCG au zaidi kwa siku huhusishwa na kupanda kwa vimeng'enya vya ini, ishara ya ini kuumia. Wanywaji wa kawaida wa chai hupata takriban miligramu 90 hadi 300 kwa siku. Na kuna kisa cha maabara cha mwaka 2009 ambacho kila mgonjwa wa saratani ya uboho anapaswa kukijua: EGCG hujifunga moja kwa moja kwenye bortezomibu, dawa inayotibu saratani hiyo, na kuizima. Jani lililosifiwa kwa kupambana na saratani likaikinga saratani dhidi ya dawa.

Jambo la mwisho kuhusu kikombe ni joto. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, liliviweka vinywaji vya moto sana, juu ya nyuzi 65, katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio. Haijalishi ni chai, kahawa au maji matupu. Kuiacha chai ipoe dakika chache kuna ushahidi mzuri kuliko kubadili aina ya chai.

Mstafeli, na jani moja lililofaulu

Nimeuacha mstafeli hadi hapa kwa sababu ndio unaoniumiza. Hakuna jani linalopelekwa kwa wagonjwa kwa ahadi kubwa kama hili; "lina nguvu mara 10,000 kuliko tibakemikali" ni sentensi ambayo wengi wameshaisoma. Ni kweli kwamba asetojenini zake, kemikali za mimea ya jamii ya stafeli, hasa ile iitwayo anonasini, huua seli za saratani kwenye kisahani cha maabara kwa kiwango kidogo sana. Sababu yake ndiyo tatizo. Anonasini huzuia kiungo cha kwanza cha mnyororo wa nishati ndani ya mitokondria, na seli za neva zinategemea mnyororo huo kuliko seli nyingi nyingine. Mwaka 1999 madaktari wa Guadeloupe waliripoti kwenye jarida la Lancet idadi isiyo ya kawaida ya wagonjwa wenye dalili kama za Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na ukakamavu, ambazo hazikuitikia dawa vizuri, wakazihusisha na ulaji wa matunda na chai za mimea ya jamii ya stafeli. Panya waliopewa anonasini kwenye mshipa walipata uharibifu wa ubongo. Tunda moja moja halimtishi mtu. Chai ya majani kila siku kwa miezi, kwa mtu ambaye tayari ni dhaifu, ni jambo jingine.

Kuua seli kwenye kisahani ni rahisi. Klorini nayo inaua. Swali ni kama kitu kinaua seli ya saratani kwa kiwango kinachoiacha seli yenye afya ikiishi. Watafiti makini hupima seli za kawaida sambamba na za saratani, na dondoo lisilofanya kazi chini ya mikrogramu 20 au 30 kwa mililita huwa hawalihesabu kuwa na uwezo wa kutosha. Ripoti nyingi za majani hushangilia mikrogramu 200.

Mlinganishe mstafeli na mvinka, lile ua la waridi ambalo leo hulimwa kwa ajili ya viwanda vya dawa. Mwaka 1958 Robert Noble na Charles Beer, wakifanya kazi Kanada, walitenga vinblastini kutoka kwenye majani yake. Vinkristini ikafuata, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1963, na mpaka leo iko katika matibabu ya saratani ya damu ya watoto. Dutu hizi hazina sifa ya antioksidanti. Huvuruga nyuzi ambazo seli inazitumia kugawanyika, na ni sumu kali. Majani yana kiasi kidogo sana, hivyo zinahitajika mamia ya kilo za majani makavu kupata gramu moja ya vinblastini, na dozi hupimwa kwa miligramu ndani ya mshipa, chini ya uangalizi. Kuyachemsha majani ya mvinka nyumbani ni hatari tupu. Jani pekee kati ya haya lililowahi kuponya saratani kwa hakika ni lile ambalo hakuna anayepaswa kulinywa.

Kwa hiyo, uchague nini

Kwa mtu mwenye afya, chagua mboga za familia ya kabichi mara kadhaa kwa wiki, matembele na mchicha zikipokezana nazo, mlonge kama nyongeza ya lishe, muhogo ulioiva vizuri, na chai isiyounguza. WHO inapendekeza angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na kufikisha kiasi hicho ni muhimu kuliko kulenga jani moja. Nyuzinyuzi za mboga hizi, ambazo hakuna anayeziweka kwenye tangazo, zina ushahidi imara zaidi dhidi ya saratani ya utumbo mpana kuliko antioksidanti zote nilizozitaja.

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiache mboga za majani, ila asibadilishe kiasi ghafla. Sukuma wiki ina mamia ya mikrogramu za vitamini K kwa gramu 100, na vitamini K hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Kula kiasi kilekile wiki hadi wiki, na daktari ataipanga dozi kulingana nacho.

Aliye kwenye matibabu ya saratani ale mboga zilizopikwa kadiri tumbo linavyomruhusu, na aviache kabisa vidonge, unga uliokolezwa na chai za dawa, pamoja na zile alizoletewa na watu wanaompenda, mpaka daktari wake wa saratani azione. Achukue pakiti yenyewe aende nayo kliniki. Jina la mmea likitajwa tu kwa mdomo, daktari hajui kama ni jani, gome au mzizi, wala ni miligramu ngapi, na hivyo ndivyo vitu anavyovihitaji kabla ya kuandika dozi inayofuata.